Si Dume, Imeshiba

Haya ni maneno niliyowaambia wenye vitalu na wakazi wa mtaa mmoja wa Tanga, jioni moja ya Agosti. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa mizaha miwili mitatu ambayo bila sauti haina ladha.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, mama zangu wa kikundi, vijana wa vitalu vya barabarani, na nyinyi wazee wenzangu mliokuja kupunga upepo mkakuta kuna mkutano: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Nimeombwa nizungumzie bogenvilia kwa nusu saa, na nimeombwa pia nisiuze mche hata mmoja hapa. La kwanza naliweza. La pili nitajaribu. (Kicheko.)

Nianze kwa kuungama. Mwaka juzi alinijia mama mmoja kitaluni, ameshuka kwenye bajaji na bogenvilia inayomfika kifuani, shina limefungwa kwenye gunia lenye udongo. Akaitua mbele yangu kama mtu anayemrudishia muuzaji kuku mgonjwa. Hakunisalimia. Akasema, "Mzee, umeniuzia dume."

Mti huo aliununua kwangu miezi minane nyuma. Siku ile ulikuwa umewaka wekundu juu mpaka chini, jani la kijani ulilitafuta kwa kufunua. Akaupeleka kwake, akauchimbia shimo zuri, akajaza samadi, akawa anaumwagilia asubuhi na jioni kama alivyozoea kumwagilia mchicha. Wiki ya tatu rangi yote ikawa chini. Akasubiri. Akaongeza samadi. Akaongeza maji. Mti ukanenepa, ukarefuka, majani mapana yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na miiba ikawa mirefu kama sindano za kushonea magunia. Rangi hakuna. Ndipo jirani yake akamwambia kwamba mimea hii iko kama mipapai, ipo dume na jike, na wewe mwenzangu umeuziwa dume.

Nilicheka, na hapo nilikosea, maana yule mama alikuwa ametumia pesa yake na miezi minane ya maisha yake. Bogenvilia haina dume wala jike. Kila kiua chake kina sehemu zote mbili. Lakini mwenye kosa hakuwa jirani yule aliyebuni. Mama yule nilimuuzia mti wenye njaa, akaenda akaushibisha, na mimi niliyejua kwamba ukishiba utamnyima rangi nilinyamaza nikapokea hela. Kwa hiyo haya ninayoyasema leo ni yale niliyopaswa kumwambia siku ile. Nusu nawaambia nyinyi mnaopanda, nusu nawaambia wenzangu tunaouza.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ya neno. Tuna ua hili, la kunusa na kutazama, wingi wake maua. Tuna ua huu, wa kuzungushia nyumba, wingi wake nyua. Mimea mingi hujichagulia upande. Waridi ni ua hili. Mnyaa ni ua huu. Bogenvilia ni yote mawili kwa shina moja: mapambo kwa mgeni anayepita mlangoni, na balaa kwa mgeni anayepita juu ya ukuta. Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, wangeiona hii wangeongeza beti. Halafu kuna ua la tatu, lile la kitenzi, na hilo ndilo wengi wetu tunalolifanya kwa ndoo ya maji. Nitalifikia.

Naomba yale matawi niliyoleta yapite mkono kwa mkono. Polepole, yana miiba. Kila mtu achume shada moja alitazame kwa karibu.

Mnaona vipande vitatu vya rangi vimeshikana kama mashua tatu zilizoegeshwa pamoja. Geuza kimoja, tazama mgongo wake. Una mshipa wa kati, una mishipa midogo inayotawanyika. Hilo ni jani. Si ua, ni jani lililovaa nguo ya sherehe. Ua lenyewe ni kile kijiti chembamba cheupe kilichoshikamana na mshipa wa kati wa kila jani, kikifunguka juu kama nyota ndogo. Vijana mnaosema mnapenda maua ya bogenvilia, wengi wenu leo ndiyo mmeyaona mara ya kwanza.

Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linaloeleza tabia ya mti mzima. Ua la kweli likishachavushwa kazi yake imekwisha, kesho linanyauka. Jani halina haraka. Ndiyo maana rangi ya bogenvilia hukaa wiki nyingi, hukauka kama karatasi, ikapauka, na bado imo juu ya mti. Wateja wangu wengine huiita ua la karatasi, na wengine hawana jina kabisa, hunyoosha kidole tu: nipe lile la miiba.

Na rangi yenyewe si ya ukoo wa waridi. Ni ya ukoo wa bitiruti na mchicha mwekundu. Ule wekundu unaobaki mikononi ukimenya bitiruti, ule unaogeuza maji ya mchicha mwekundu yakawa kama juisi, ndio ndugu wa huu mnaoushika. Mama pale ananitazama kama nimemtania. Sikutanii, mama. Kisayansi mimea hii mitatu imo katika kundi moja kubwa, na kundi hilo lina namna yake ya kutengeneza rangi ambayo mimea mingine mingi haina.

Sasa, imetoka wapi? Kwao ni Amerika ya Kusini, Brazil na nchi jirani. Wazungu waliichukua Rio de Janeiro mwaka 1767, wakati merikebu za Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville zilipotia nanga pale zikiwa katika safari ya kuizunguka dunia. Ndani yake alikuwemo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na mtumishi wake, kijana mmoja mchapakazi aliyebeba vifaa na mimea milimani mpaka watu wakamstaajabia. Kijana huyo hakuwa kijana. Alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyevaa kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kwenye merikebu za jeshi la Ufaransa. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Commerson alikuwa na mguu mbovu, na wapo wanaoamini kwamba siku ile aliyeingia porini akatoka na tawi la miiba ni yule mwanamke. Commerson alifia Mauritius mwaka 1773, kwenye bahari hii hii yetu. Jina la mti akapewa nahodha. Mbeba mizigo hakupewa. Mnajua mambo yalivyo. (Kicheko.)

Kutoka hapo imesambaa kila penye jua. Wekundu ule mzito tunaoupenda watu wa pwani una historia yake: ulitoka Cartagena, Colombia, ukapelekwa Trinidad mwaka 1910 na bibi mmoja aliyeitwa Butt, na mpaka leo ukoo ule wa mchanganyiko unabeba jina lake. Hapa jirani, Nairobi, alikuwepo Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za jiji baada ya Vita Kuu ya Pili, aliyeijaza bogenvilia kwenye barabara kuu za mji ule. Walioingia Nairobi miaka ya nyuma wanakumbuka Uhuru Highway ilivyokuwa katikati yake. Nilipita kijana, juu ya basi, nikadhani kuna sherehe. Hakukuwa na sherehe. Na kitu kilichonishangaza wakati ule, kwa ujinga wangu, ni kwamba katikati ya barabara pale hapakuwa na mtu mwenye ndoo.

Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Bogenvilia ikipata maji mengi, mbolea nyingi na kivuli kidogo, hujiona iko msimu wa kukua. Inarefusha matawi, inapanua majani, inatafuta pa kupandia. Ikibanwa, yaani udongo umekauka, mizizi imesongamana na jua linachoma kichwani, inaacha habari ya kurefuka na kuanza habari ya kuzaa. Kuzaa kunahitaji maua, maua yanahitaji wadudu, na wadudu wanaitwa kwa rangi. Tazameni tena tawi mkononi. Pale jani linapoungana na tawi, kwenye kwapa lake, panatoka kitu. Kwenye tawi lenye rangi, kitu hicho ni shada. Kwenye tawi nono la kijani, mahali pale pale, panatoka mwiba. Mwiba na shada ni ndugu wa tumbo moja, wamegombea kwapa moja. Yule mama aliponionyesha miiba ya mti wake, alikuwa ananihesabia mashada aliyoyakosa.

Walioko mbali na ikweta wanasema bogenvilia hupenda siku fupi, ndizo zinazoiamsha. Ni kweli kwao. Sisi Tanga mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, tofauti ni ndogo, kwa hiyo mwamuzi wetu mkubwa ni mvua. Tazameni ua wowote wa bogenvilia mjini hapa mwezi wa Mei, katikati ya masika: kijani tupu. Tazameni sasa, Agosti. Hakuna aliyeenda kuupulizia dawa. Ulishiba, mvua zikakatika, njaa ikaingia.

Kwa hiyo maji. Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wanaponisikia nusu na kwenda kuua mti kwa kiu wakasema mzee alisema.

Mche mpya si mti mzima. Ukishaupanda, mizizi yake haijatoka nje ya udongo wa kiriba. Miezi ya mwanzo unaumwagilia kama mtoto, kila udongo wa juu unapokauka, bila kuufanya tope. Usitafute rangi mwaka huo. Tafuta shina. Mti uliokomaa ardhini, wenye mwaka au zaidi, mvua za Tanga peke yake karibu zinautosha, na kiangazi unaupa maji mara moja moja, lakini ukiupa, upe mengi yaingie chini. Vikombe viwili kila jioni ni kuudanganya. Mizizi inapanda juu kufuata vikombe.

Wa kwenye chungu ni habari nyingine. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na udongo uliolowa, ondoka, kesho pita tena. Kikitoka kikavu, subiri uone ncha za matawi zinalegea kidogo, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano, sitaji jina. (Kicheko.) Hapo ndipo unamwaga maji mpaka yatoke kwenye matundu ya chini. Ukienda hivyo wiki tatu, nne, kwenye jua, utaona ncha zimeanza kubadilika, vijani vidogo vinatoka vikiwa na wekundu wa mbali. Ukishaviona, legeza. Rudisha maji ya kawaida, maana ukiendelea kuunyima wakati mashada yanajaa, utayapukutisha yote. Unyime ili uanze. Ukishaanza, usaidie umalize. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, tena kwenye mche niliokuwa nimeshaupokelea malipo.

Niliwahi kuiuzia hoteli moja ya ufukweni miche sitini, ipandwe kandokando ya uwanja wa nyasi. Mtunza bustani wao alikuwa kijana makini, mashimo yamepimwa kwa kamba. Lakini nyasi za ukoka zilikuwa na mabomba ya kunyunyizia, kila alfajiri yanazunguka, na bogenvilia zikawa zinakoga bila kutaka. Mwezi wa tatu majani yakaanza kuanguka yakiwa bado mabichi. Kijana akaona yanalegea, akadhani ni kiu, akaongeza muda wa bomba. Tulipochimba, mizizi ilikuwa myeusi, inanuka, ukiivuta inaacha ganda mkononi. Thelathini na kitu zilikufa. Kulegea kwa kiu na kulegea kwa kuoza kunafanana sana kwa macho. Kinachotofautisha ni kile kidole. Ukoka na bogenvilia havinywi kikombe kimoja, na hilo ningelisema kabla ya kupakia miche kwenye gari, nisingerudi kufukua.

Mbolea nitasema kwa kifupi: samadi iliyooza vizuri, kiasi, wakati wa kupanda na tena mwanzoni mwa mvua. Urea iacheni shambani kwa mahindi. Urea kwenye bogenvilia ni kununua miiba.

Jua: saa sita kwa siku, chini ya hapo usinilaumu. Chini ya mwembe haiwaki. Barazani haiwaki. Kama una kibaraza tu, nina mimea mingine, lakini nimekatazwa kuuza.

Udongo wetu wa pwani una jambo lake. Wengi hapa tumejenga juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo ni chokaa. Udongo wa chokaa nyingi unaufungia mmea madini ya chuma. Utaona majani machanga yanageuka njano, lakini mishipa inabaki kijani, kama ramani. Ukiona hivyo usikimbilie kumwagilia, wala usidhani mti umezeeka. Chimba shimo kubwa kuliko unavyodhani inatosha, toa kifusi, changanya udongo mwekundu wa kutoka bara na mboji na mchanga wa mto. Mchanga wa baharini hapana. Upepo wa chumvi bogenvilia inauvumilia kuliko mimea mingi, ndiyo maana iko kwenye kila nyumba ya ufukweni, lakini kuipandia chumvi kwenye mizizi ni uonevu.

Na wakati wa kupanda, mizizi yake ni laini kama nywele, inakatika kwa kuguswa. Wengi tunashika shina tunavuta, kiriba kinabaki mkono huu, mti mkono huu, udongo umemwagika. Umeshaukata nusu ya midomo yake. Pasua kiriba kwa wembe ukiwa umekiweka shimoni, vua nailoni taratibu, udongo ubaki umeshikana kama keki, jazia pembeni.

Nije kwenye umbo, maana mama mwenyekiti wa kikundi aliniambia wanataka miti mifupi, iliyojaa, ya kuweka kwenye vyungu mlangoni. Hapa makasi ndiyo mwalimu. Rangi hutoka kwenye matawi mapya. Tawi la zamani, refu, lililojipinda, ni bomba tu la kupitishia maji. Kila mara rangi inapopukutika, kata theluthi ya kila tawi, usione huruma. Pale ulipokata patatoka mawili au matatu. Yakifika urefu wa shibiri, yabane ncha kwa kucha, yatoke mengine. Ukifanya hivyo mwaka mmoja una kichaka kinachojaa mikono miwili, na kila ncha ni shada. Usipofanya hivyo una kamba yenye miiba inayoelekea kwa jirani. Na chungu kisiwe kikubwa. Mnapenda kuihamishia kwenye chungu kikubwa kwa mapenzi, lakini chungu kikubwa kwake ni shamba, itaanza kulima.

Wakati wa kukata vaa mikono mirefu na glavu nzito, linda macho, na fagia matawi yote, usiache hata kipande njiani wanakopita watoto pekupeku. Mwiba wake ukizama, osha kwa sabuni, na kama hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda, nenda kituo cha afya. Hilo sicheki nalo.

Vijana huwa wananiuliza kuhusu zile zenye majani ya mabaka, kijani na manjano, au kijani na maziwa. Hizo ndizo ninazowapa wateja wasio na subira, kwa sababu jani lenyewe lina rangi masika na kiangazi, mashada yawepo yasiwepo. Iliyo maarufu inaitwa Thimma, imetokana na nyingine iitwayo Mary Palmer, yenye mashada meupe na ya waridi kwenye mti mmoja mpaka watu wanadhani nimeunganisha miti miwili. Ile sehemu ya manjano ya jani haina ukijani wa kutosha wa kupikia chakula, kwa hiyo mti hukua taratibu na hubaki mdogo wenyewe, ambacho kwa chungu ni baraka. Lakini una usaliti. Siku moja utaona tawi limetoka kijani tupu, lenye nguvu, linawapita wenzake. Usilifurahie. Limerudi asili yake, na kwa kuwa linapika vizuri zaidi litawameza wote. Likate pale lilipoanzia, siku hiyo hiyo.

Wadudu sina mengi. Ukikuta kingo za majani zimeliwa kama kwa msumeno na mchana huoni mdudu, washa tochi usiku, ni viwavi, watoe kwa mkono. Mti wenye jua na usiolowa mno haupati maradhi mengi.

Sasa wenzangu wa vitalu. Tuseme yanayotuhusu.

Sote tunajua tunavyofanya. Mche unakaa kwenye kiriba kidogo mpaka mizizi inazunguka kama nyaya. Tunaupanga juani, juu ya kokoto. Maji kidogo. Ukiwaka, tunausogeza mbele, kando ya barabara, mtu wa gari anaona rangi, anasimama. Hakuna wizi hapo, ndiyo njia sahihi ya kuutoa rangi, na mimi naendelea nayo. Ubaya unaingia kwenye ukimya. Mteja anadhani amenunua rangi. Amenunua mti uliokuwa na rangi. Kuna tofauti, na sisi ndio tunaoijua.

Siku hizi kila anayenunua kwangu namwambia kabla hajafungua pochi: rangi hii itapukutika kwako, pengine ndani ya mwezi, kwa sababu mti unahama na kuhama kunauchosha. Usiogope, wala usiongeze maji kwa huruma. Ulee mpaka ushike, halafu ukate, halafu uubane, na utakuwakia mwenyewe kiangazi.

Kijana mmoja pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. Sema, mwanangu.

(Aliuliza: "Mzee, nikimwambia mteja rangi itaanguka, si ataondoka aende kwa wa jirani asiyemwambia?")

Ataondoka. Wengine wameondoka mbele ya macho yangu, nikawaona wananunua hatua ishirini mbele, kwa bei ile ile. Siwezi kukudanganya kwamba wote walirudi. Waliorudi wapo, na wanarudi na dada zao. Lakini nikwambie pia kuhusu yule mama wa dume.

Nilimwambia auache mti. Nikaukata mpaka usawa wa goti, yeye amesimama amejishika mdomo kama nakata ng'ombe wake. Nikaupunguza ule udongo wa samadi, nikautia kwenye chungu kilichobana, nikauweka juu ya sakafu ya saruji mbele ya kitalu, mahali ambapo hata mbwa halali mchana. Nikamwagilia kwa kidole, sio kwa saa. Wiki ya tisa ncha zikaanza. Nikampigia. Akaja mti umewaka nusu, akauzunguka mara mbili, akaniuliza kama nina hakika ni ule ule. Nikamwonyesha shina lilipokatwa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema basi nipe na mingine miwili, na kwa usumbufu ulionipa nipunguzie. Nikampunguzia.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti anatazama saa. Lile la kuotesha nililitaka kulieleza kwa maneno, lakini kwa maneno halieleweki. Nimeleta matawi yaliyokomaa, unene wa penseli, na mchanga uko kwenye ndoo pale nje chini ya mkungu. Kila mmoja atakata lake, urefu wa shibiri, chini mshazari karibu na kifundo, majani yote yaondoke isipokuwa mawili ya juu. Tunachomeka, tunaweka kivulini, na kwa wiki sita mpaka nane hakuna ruhusa ya kuuvuta kuangalia kama una mizizi. Wale wa Thimma mjipe muda zaidi. Makasi ninayo mawili tu, kwa hiyo mama zetu watangulie, na anayepokea makasi ashike upande wa mpini, tafadhali, kuna watoto.